Tumaini Letu Miaka ya Benaco

Wengi wetu tuliokulia Ngara tunahesabu miaka yetu kwa mafungu mawili: kabla ya Benaco na baada ya Benaco. Mtu akitaka kukueleza mtoto wake alizaliwa lini, atakuambia, "Huyu ni wa kabla ya wakimbizi." Wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye mke na watoto wawili, nikiishi pamoja na mama yangu mjane katika nyumba isiyo mbali na barabara kuu. Mara nyingi nimeombwa kanisani kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyotutunza miaka ile. Kila mara nimesema maneno machache, nikaketi. Katika kurasa hizi nataka kusema yote, pamoja na lile ambalo sikulisema kwa muda mrefu.

Asiyezijua wilaya zetu na azione kwanza. Ngara imekaa pembeni kabisa mwa nchi, panapokutana Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na mihogo. Mto Ruvubu unatoka Burundi, unakutana na maji yanayotoka Rwanda, na yakiisha kuungana ndiyo Kagera. Hapo mbele kidogo mto unajitupa kwenye maporomoko ya Rusumo, na juu yake kuna daraja. Ng'ambo ni Rwanda. Ukiipa Rusumo kisogo, ukafuata barabara kuelekea mashariki, unapita pori refu mpaka wilaya ya Biharamulo, kwenye boma la kale la Wajerumani; nchi ambayo wazee waliiogopa kwa ajili ya mbung'o na malale.

Sisi Wahangaza tunasikilizana na Warundi na Wanyarwanda pasipo mkalimani. Bugufi yetu ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla Wazungu hawajaja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji na Waingereza walipogawana ardhi, tuliangukia upande wa Tanganyika. Kwa hiyo mpaka ulipita katikati ya ukoo. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kwamba waliovuka daraja mwaka 1994 walikuwa watu wa mbali. Walikuwa na majina kama yetu, na waliomba kwa maneno kama yetu.

Imani yetu nayo ilitoka upande ule. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza wa misioni ya Gahini, mashariki ya Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata Gahini ikawa chimbuko la Uamsho ulioenea Afrika Mashariki yote. Mwaka 1939 kikundi cha mashahidi kutoka upande huo kilifika Katoke, katika mkoa wetu huu wa Kagera, kwenye shule ya misioni ya Waanglikana wa Australia. Kutoka hapo moto ule ukaingia Tanganyika.

Watu wa Uamsho hawakuwa na elimu kubwa ya dini. Walikuwa na desturi moja ngumu: kutembea nuruni. Maana yake ni kwamba mtu akikosa, halifichi kosa lake. Analisema mbele ya ndugu, anaomba msamaha, na kama aliiba anarudisha. Watu walirudisha majembe, mbuzi, hata mishahara waliyoipokea bila kuifanyia kazi. Mama aliingia katika ushirika huo akiwa msichana. Nilipokuwa mdogo niliona aibu kumsikia akisimama mbele ya watu na kukiri kwamba juma lile alimsengenya jirani. Nilidhani anajidhalilisha. Sikujua kwamba siku moja nitaihitaji desturi hiyo kuliko chakula.

Wakimbizi hawakuwa jambo geni kwetu. Mwaka 1972, mauaji ya Burundi yalipotokea, watu wengi walikimbilia Tanzania. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, wakaja tena, na wengi wao wakarudi kwao baada ya miezi michache. Tuliwapokea, tukawapa pa kulala, tukawaambia kwamba Mungu hamwachi mtu. Maneno hayo yalitutoka kwa urahisi, maana mzigo wenyewe ulikuwa unabebeka.

Kisha ikaja Aprili 1994. Jioni ya tarehe 6 ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Siku zilizofuata tulisikiliza redio kama watu wote. Walakini sisi tulikuwa na mjumbe mwingine asiye na redio, nao ni mto. Kagera ulianza kuleta maiti. Zilipita Rusumo, zikaanguka kwenye maporomoko, zikaendelea na safari ndefu mpaka Ziwa Victoria, ambako watu wa Uganda walizitoa majini kwa maelfu na kuzizika. Nilikwenda mara moja kutazama. Sikwenda tena.

Tarehe 28 Aprili daraja likafunguka. Hesabu za UNHCR za siku zile zilitaja watu 250,000 waliovuka katika muda wa kama siku moja tu. Wengi walikuwa wanalikimbia jeshi la RPF lililokuwa linasonga mbele. Mimi sikuhesabu. Nakumbuka tu kwamba asubuhi barabara haikuonekana. Palikuwa na vichwa, magodoro, baiskeli zilizobebeshwa vizee, mbuzi, masufuria, watoto wamefungwa kamba mkononi ili wasipotee. Na hapakuwa na kelele. Umati ule ulitembea kimya kama watu wanaorudi mazikoni.

Walikwenda kukaa Benaco, mahali palipokuwa pamepata jina kutokana na kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Katika siku chache kilima kikafunikwa na maturubai. Watu walisema kwamba, ukiondoa Dar es Salaam, hapakuwa na mji Tanzania wenye watu wengi kuliko Benaco. Wakimbizi wakawa wengi kuliko sisi wenyeji wa wilaya. Baadaye zikaongezwa kambi nyingine, kama Lumasi na Lukole. Malori ya mahindi yalipita usiku na mchana. Hospitali zetu za misioni, Murgwanza ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki, ambazo zilizoea wagonjwa wetu wachache, zilijikuta katikati ya taabu ambayo ulimwengu wote ulikuwa unaitazama.

Mama aliweka mtungi wa maji kando ya njia, na kikombe cha bati juu yake. Hakuuliza mtu kabila. Ukiisha, aliteremka kisimani kuujaza tena. Nilimwambia, "Mama, watu hawa ni laki ngapi? Mtungi wako ni nini kwao?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi sikuitwa kunywesha laki. Mwenye kiu ni huyu aliyesimama hapa."

Sasa nifike kwenye jambo lililotikisa imani ya wengi wetu. Ng'ambo ya mto, si mbali na mpaka, iko parokia ya Nyarubuye. Katikati ya Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia kanisani pale. Walifanya kile ambacho sisi sote tumefundishwa tangu utoto: ukiwa hatarini, kimbilia nyumbani kwa Mungu. Waliuawa humo humo, wanaume, wanawake na watoto. Habari ilitufikia kwa vinywa vya waliovuka.

Mwezi wa Juni, katika mkutano wa ushirika, mzee mmoja tuliyemheshimu alisimama kushukuru. Alisema vita haikuvuka mto kwa sababu huku kuna watu wanaomtumaini Bwana, na Bwana huwalinda wamtumainio. Watu wakaitikia. Mama hakuitikia. Alinyanyuka taratibu, akasema, "Baba, naomba unisaidie. Na wale wa Nyarubuye, wao walimtumaini nani?"

Pakawa kimya. Mzee yule hakuwa na jibu, na sifa zimwendee kwamba hakutunga. Aliketi, akainamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Mama, nimesema neno la mtu ambaye mvua haijamnyeshea." Tangu siku ile, katika ushirika wetu, sikusikia tena mtu akisema kwamba tulisalimika kwa sababu ya imani yetu. Tuliona kwamba kusema hivyo ni kuwatukana wafu. Mto ulikuwa kati yetu na mauaji. Mpaka ule, uliochorwa na watu wasiotujua, ndio uliotuweka upande huu. Hatukuwa wema kuliko wao.

Swali la pili lilikuwa chungu zaidi. Ikiwa Gahini ndiko Uamsho ulikoanzia, na ikiwa Wanyarwanda walio wengi walikuwa wamebatizwa, ilikuwaje jirani akamwua jirani? Hatukuweza kusema kwamba wauaji walikuwa wapagani. Wengine walikuwa kati yetu. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, alivuka pamoja na watu wake, akawa kiongozi Benaco mwenye mkono katika ugawaji wa chakula. Baada ya miaka kadhaa alikamatwa katika kambi moja ya Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, pamoja na yale ya Nyarubuye, na mwaka 2006 mahakama ya rufani ikamhukumu kifungo cha maisha. Ndiyo kusema kwamba, Jumapili za mwaka 1994, nyimbo zilipopanda kutoka Benaco, sauti za wajane na yatima zilichanganyika na sauti za watu wa namna hiyo. Kwa kusikiliza usingeweza kuzitenga.

Nililisema jambo hili kwa Mama kwa uchungu. Nilimwambia kwamba Uamsho wao haukusaidia kitu. Hakunikasirikia. Alisema, "Tulijifunza kukiri kwamba tumeiba jembe. Hatukujifunza kukiri kwamba tunalichukia kabila la mtu. Tulidhani hilo ni mambo ya serikali." Nimesoma vitabu kadhaa tangu wakati huo kuhusu kanisa la Rwanda. Sijaona maelezo yaliyonitosheleza kuliko hayo. Wala haifai kusahau kwamba walikuwako Wakristo, Wahutu, waliowaficha majirani zao Watutsi na kuuawa pamoja nao. Hao nao walimtumaini Mungu, na tumaini lao halikuwaokoa na panga.

Kadiri miezi ilivyopita, huruma yetu ilichakaa. Lazima niseme ukweli. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni mpaka vilima vikabaki uchi. Mihogo yetu iling'olewa usiku. Visima vilikauka mapema. Bei sokoni zilipanda, ujambazi ukaingia barabarani, na kwa miaka mingi mabasi ya kupita pori la Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Wako waliotajirika kwa biashara, na wako waliopata vibarua na kazi kwenye mashirika. Mimi niliona mihogo yangu tu. Tarehe 31 Machi 1995 serikali ilipoufunga mpaka, nilishukuru moyoni.

Katika miaka hiyo kulikuwa na mama mmoja Mnyarwanda, mjane, mwenye mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Alikuwa akija kutulimia shamba. Alilima vizuri, hakuongea sana, na mchana alikula pamoja nasi. Mama alimpenda. Waliomba pamoja chini ya mwembe. Hatukumwuliza aliona nini kwao, au alifanya nini, naye hakusema.

Tarehe 6 Desemba 1996 likatoka tangazo la Serikali ya Tanzania pamoja na UNHCR kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31. Kambini kukawa na hofu. Karibu na tarehe 12 watu wakaanza kuziacha kambi kwa maelfu, si kuelekea Rwanda, bali kuingia ndani ya nchi yetu, wakipita porini. Jeshi na polisi wakawazuia na kuwageuza kuelekea Rusumo. Katika muda wa majuma machache karibu watu 480,000 walivuka daraja lile lile kurudi walikotoka.

Usiku mmoja wa majuma yale nilisikia mlango ukigongwa. "Mwalimu, hodi." Nilimtambua kwa sauti. "Mwalimu, ni mimi. Niko na mtoto. Tuweke usiku huu tu." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mlangoni, taa nimeizima. Nilifikiri juu ya tangazo, juu ya askari, juu ya kazi yangu ya serikali. Pia, na hili ndilo lililonichukua miaka kulikiri, nilifikiri juu ya mihogo. Nilijiambia kwamba wakiondoka wote, nchi yetu itapona. Sikujibu. Aligonga tena mara moja, kwa upole, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Halafu nikasikia miguu yao, mikubwa na midogo, ikiondoka.

Asubuhi Mama aliniuliza, "Nani alikuwa anabisha usiku?" Nikasema, "Sikusikia mtu." Akanitazama kidogo, akachukua mtungi wake akaenda kisimani.

Sikumwona tena yule mama wala mtoto wake. Sijui kama alifika kwao, kama alikuta nyumba, kama alikuwa na la kujibu mbele ya majirani au hakuwa nalo. Huenda kurudi kwao kulikuwa ndiko kuzuri kwake. Hilo halinitoi katika hatia, kwa maana sikumfungia mlango kwa kumtakia mema.

Nilikaa na uongo ule miaka minne. Katika muda huo niliongoza nyimbo, nilisali, nilifundisha watoto Amri Kumi. Kila nilipojaribu kumtumaini Mungu kwa jambo langu lolote, ugonjwa wa mtoto au mvua iliyochelewa, sala iligota mahali fulani na kurudi. Nilidhani Mungu yuko mbali. Mwisho, mwaka 2000, Mama akiwa ameanza kudhoofika, niliketi kando ya kitanda chake nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua siku ile ile, mwanangu. Mimi nami nilisikia hodi. Nami sikuinuka." Kisha tukalia, wote wawili, kwa muda mrefu. Halafu tukaomba. Ilikuwa sala fupi, na haikugota.

Baadaye nilikuja kujua kwamba katika Desemba ile ile ya 1996, siku zile zile ambazo watu walikuwa wanavukishwa Rusumo, kikundi cha Wakristo wa Rwanda, Wahutu kwa Watutsi, pamoja na Wazungu waliokuwa nao, walikutana katika mji wa Detmold, Ujerumani. Hapo walikiri kila upande makosa ya watu wake na kuombana msamaha. Wako waliowalaumu, wakisema mtu hawezi kuomba msamaha kwa niaba ya kabila zima. Labda ni kweli. Lakini niliposikia habari zao nilifahamu walichokuwa wanatafuta. Walikuwa wanaipeleka desturi ya zamani mahali ambapo wazazi wetu hawakuthubutu kuipeleka.

Ndugu msomaji, nimeandika haya kwa sababu vitabu vingi kuhusu kumtumaini Mungu wakati wa taabu huishia kwa mtu kuokolewa. Mgonjwa hupona, deni hulipwa, mvua hunyesha. Namshukuru Mungu kwa shuhuda hizo. Ninazo zangu kadhaa. Walakini mtu aliyekaa karibu na Rusumo mwaka 1994 hawezi kuufanya wokovu wa mwili kuwa kipimo cha tumaini. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Ayubu hakuelezwa kwa nini watoto wake walikufa. Nabii Habakuki aliamua kumfurahia Mungu hali zizi halina ng'ombe na shamba halijatoa kitu. Zaburi nyingi ni malalamiko, na Mungu hakuagiza yafutwe.

Nilichojifunza ni kidogo, nacho ni hiki. Kumtumaini Mungu si kuwa na hakika kwamba maji hayatafika mlangoni kwako. Ni kuamini kwamba yupo hata yakifika, na kwa imani hiyo kuwa na nguvu ya kufanya mambo mawili: kumpa maji mwenye kiu aliyesimama mbele yako, na kusema kweli juu yako mwenyewe. Nilipofunga mlango, kwanza kabisa sikumwogopa askari. Niliacha kuamini kwamba Mungu anaweza kuitunza nyumba yangu nikiwa nimeufungua. Huko ndiko kutotumaini. Wala hakukuonekana kanisani, kwa sababu nilikuwa naimba vizuri.

Mama alilala mwaka 2003, tukamzika kilimani. Leo Benaco ni mji wa malori. Madereva wanaokwenda Rwanda na Burundi wanasimama kula na kulala, na watoto wanaouza karanga pale hawajui jina la mahali pao lilitoka wapi. Kambi zilifungwa. Miti imeota tena kwenye baadhi ya vilima. Pale Rusumo kuna daraja jipya lililozinduliwa mwaka 2016, pana, na magari hayasubiri sana. Pori la Burigi upande wa Biharamulo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na wageni hupita kuangalia wanyama mahali ambapo sisi tulipita tumeinamisha vichwa, tukiomba basi lisisimame.

Mtungi wa Mama ninao bado. Umepasuka ukingoni, lakini unashika maji. Nauweka nje kiangazi, kikombe juu yake. Na usiku, hodi ikipigwa, naamka. Mara nyingi ni jirani tu, ana mgonjwa au anaomba kiberiti. Hata hivyo kila nikishika komeo mkono unatetemeka kidogo, na huwa naomba kabla ya kufungua: Bwana, yeyote awaye, nisaidie nifungue.